Nani Alijaza Pipa

Mwezi wa saba mwaka 2019 nilimwita mwanangu mvivu mbele ya watoto wa watu wapatao thelathini. Ilikuwa alfajiri, baridi ile ya Julai ya Dodoma ambayo upepo wake unapenya sweta, na kijana alikuwa amechelewa mazoezini kwa mara ya tatu wiki hiyo. Alikuwa na miaka 13, ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza. Alikuja anatembea, hata hatua kumi za mwisho hakukimbia. Nikasimamisha kundi zima. Nikasema, "Mtazameni huyu. Baba yake ndiye kocha, na yeye ndiye mvivu kuliko wote hapa."

Wengine walicheka, wengine wakatazama chini. Yeye hakunijibu. Alisimama mwisho wa mstari, akamaliza mizunguko yake, akarudi nyumbani peke yake.

Nayaandika haya kwa sababu vijana wanaoanzisha vikundi vya riadha hapa mjini huwa wanakuja kuniuliza programu. Wanataka kujua kilomita ngapi kwa wiki, mita 400 mara ngapi, kilima kipi kinafaa. Nawapa yote, sina siri. Ila ningependa wajue na habari ya asubuhi ile, na mambo mawili yaliyoizunguka, kwa kuwa mimi nilifundisha bidii kwa zaidi ya miaka kumi kabla sijajua ninachokifundisha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, tulikua tukisikia treni kuliko tulivyosikia jogoo. Novemba 1989 nilikuwa na miaka kumi, na nakumbuka mzee alivyotuita sebuleni akatuambia Juma Ikangaa ameshinda marathoni ya New York. Alikuwa ametumia saa 2:08:01, hakuna aliyewahi kukimbia njia ile kwa kasi hiyo. Kwa baba haikuwa habari ya ng'ambo. Ikangaa ni mzaliwa wa Dodoma, askari wa jeshi letu, mtu mfupi mwembamba ambaye ungepishana naye sokoni Majengo usimgeuzie shingo. Lakini baba alichokipenda zaidi ni zile mbio alizoshindwa. Boston alikuwa wa pili mwaka 1988, akawa wa pili 1989, akawa wa pili tena 1990. Ile ya 1988 alizidiwa sekunde moja tu na Ibrahim Hussein wa Kenya. "Sekunde moja," mzee alikuwa akisema, "halafu mwaka unaofuata mtu anarudi palepale."

Maneno hayo niliyabeba. Nilikimbia UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, nikakimbia chuo cha ualimu, mita 5000 na 10,000, sikufika mbali. Mwaka 2008 nikaanza kuwakusanya watoto wa Mailimbili, tunakutana saa kumi na moja alfajiri, tunaelekea njia za vumbi za upande wa Msalato kabla bodaboda hazijachangamka. Watu waliniambia mbio ni za Mbulu na Karatu, kule juu kwenye baridi, na kwamba Dodoma ni joto, vumbi na mbigili. Ni kweli, sisi tuko kwenye mita elfu moja mia moja na kidogo tu juu ya usawa wa bahari, wenzetu wanaanzia juu zaidi. Nikawajibu kwa jina moja: Ikangaa. Watoto walikuja na raba za mitumba kutoka Sabasaba, wengine peku. Niliwapenda. Nawapenda mpaka leo.

Sasa nieleze kosa la kwanza.

Mwaka huohuo wa 2019 kundini nilikuwa na binti wa miaka 15, mkimbiaji bora niliyewahi kumshika mkono. Alikuwa na mguu mwepesi na kifua kisichochoka, tena msikivu, na huo usikivu ndio ulioniponza. Mwezi wa tano akaniambia, "Mwalimu, ugoko unauma." Nikamwambia ni misuli, itazoea. Baada ya wiki akaniambia tena, akanionyesha na mahali penyewe, kwa kidole kimoja, hapa. Nikamkalisha chini nikamsimulia habari za John Stephen Akhwari.

Kila Mtanzania anayependa riadha anamjua. Mexico City, 1968, mbio ndefu za Olimpiki. Akhwari alianguka njiani akaumia vibaya goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, giza limeshaingia, anachechemea, akamaliza. Nilimsimulia vizuri, nina kipaji cha kusimulia. Binti akasimama, akakimbia mizunguko kumi ya mita 400, na mimi nikiwa na saa yangu ya kupimia nikaona muda wake umeshuka kwa sekunde mbili. Nilifurahi sana. Sikumtazama usoni hata mara moja. Nilikuwa natazama saa.

Wiki mbili baadaye alishindwa kukanyaga. Hospitali walikuta ufa kwenye mfupa. Wiki nane bila kukimbia, na fimbo ya kutembelea.

Nimeifikiria sana ile habari ya Akhwari tangu wakati huo, na naona niliitumia vibaya mno. Akhwari alikuwa mtu mzima. Alikuwa kwenye Olimpiki, siku moja, akaamua mwenyewe kuulipa mwili wake gharama ile. Binti yule alikuwa mtoto, ilikuwa Jumanne ya kawaida, na aliyeamua ni mimi. Kocha anayemwambia mtoto avumilie maumivu ya mfupa kwa jina la shujaa anamkosea mtoto na anamkosea na shujaa. Maumivu ya misuli huenea, yakipashwa moto yanalegea. Maumivu ya mfupa yanakaa mahali pamoja ambapo mtoto anaweza kuweka kidole, yanazidi ukikimbia, na mara nyingine yanamwamsha usiku. Binti alikuwa ameniwekea kidole. Sikuhitaji elimu kubwa, nilihitaji kusikiliza.

Mama yake alikuja nyumbani jioni moja. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pale barazani, akakataa chai, akasema, "Mwalimu, mimi nilikukabidhi mtoto. Uliniambia utamlea kama wako." Nikaomba radhi. Akaitikia, akaaga, akaenda. Mke wangu alikuwa ndani anasikia. Ni nesi wa zahanati, anajua kupima maneno. Alisubiri mpaka mgeni ametoka geti, ndipo akasema, "Kwani hukumlea kama wako? Ndivyo ulivyomlea hasa. Na wako huwatazami."

Niliumia, nikanyamaza. Na badala ya kuyafikiria aliyosema, nikazidisha ukali. Nilikuwa na hofu kwamba kundi litavunjika, wazazi watawatoa watoto, basi nikataka kila kitu kiende kwa saa. Ndipo ikaja ile asubuhi ya Julai.

Mke wangu alirudi kutoka zamu ya usiku akayakuta maneno mtaani kabla hajafika mlangoni. Mtoto wa jirani alishamsimulia. Nilikuwa navaa niende shule. Akaweka mkoba mezani, akaniuliza, "Leo ulipoamka ulioga?"

"Nilioga."

"Pipa lilikuwa na maji?"

"Lilikuwa limejaa."

"Nani alijaza pipa?"

Sikujua. Naapa sikujua. Wakati ule maji yalikuwa ya mgao, mtaani kwetu yalitoka usiku wa manane, saa nane, saa tisa, halafu basi. Pipa letu ni la lita 200. Dumu ni la lita 20. Bomba liko kwa jirani, upande wa pili wa uchochoro. Mtu aliyelijaza pipa lile alikuwa amekwenda na kurudi mara kumi gizani, siku ambazo mama yuko zamu na baba amelala akijiandaa kuamka mapema akafundishe watoto wa watu bidii. Halafu alilala kidogo, akaamka kuwapashia wadogo zake wawili uji, akahakikisha yule wa mwisho amevaa soksi, ndipo akaja mazoezini. Anatembea. Bila shaka anatembea.

"Mbona hakuniambia?" nikauliza.

"Uliwahi kumuuliza?"

Ningependa kusema nilikwenda siku hiyohiyo kumwomba kijana radhi. Sikwenda. Nilijua nimekosa, lakini mimi nilikuzwa na baba ambaye hakuwahi kuniomba radhi, na baba yake hakuwahi kumwomba yeye, na nilijidanganya kwamba nikimnunulia raba mpya atakuwa ameelewa. Nilimnunulia. Akasema, "Asante baba," akaziweka chini ya kitanda. Hakuja tena mazoezini, na sikumlazimisha. Mwezi wa nane wote tulisalimiana kama wapangaji.

Likizo fupi ya Septemba akaomba aende Mpunguzi kwa babu yake, baba wa mke wangu, ambaye ana shamba la zabibu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ile ya Agosti na Septemba ndiyo iliyokuwa imewadia. Baada ya siku tano nikapanda basi la alfajiri la kwanza nimfuate. Nilijipa sababu kwamba naenda kusaidia kuvuna.

Nilifika bado kuna kagiza. Nilitegemea nitawakuta wamelala, nikakuta mlango wa nyumba umefungwa kwa nje. Nikazunguka shambani. Mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkasi mkononi. "Mbukwa," akanisalimu. Nikaitikia, nikampa shikamoo yangu, nikauliza kijana yuko wapi. Akaonyesha kwa mkasi. Kwenye mstari wa nne, chini ya waya, niliona miguu tu. Nyuma yake kulikuwa na kreti saba zimejaa.

"Huyu ananiamsha mimi," mzee akasema. "Saa kumi anagonga mlango. Anasema jua likipanda zabibu zinapata moto, hazikai."

Nilivua koti nikaingia mstari wa pembeni yake. Kijana aliniamkia, akanipa mkasi wa akiba, tukaanza kazi bila maneno. Nikashika kichala cha kwanza kwa kiganja, kama mtu anavyoshika embe. Akaniambia taratibu, "Baba, usikamate zabibu. Kamata kikonyo." Akanionyesha: vidole viwili juu, kichala kinaning'inia, mkono hauzigusi punje. Zile punje zina unga mweupe juu ya ganda. Ukiushika unafutika, na zabibu iliyofutika unga mnunuzi anaijua kwa mbali, na inaoza mapema. Kisha unakigeuza kichala polepole, unatafuta punje zilizopasuka au zilizooza, unazitoa moja moja kwa ncha ya mkasi bila kutikisa nyingine, unakilaza kwenye kreti kikonyo kikiwa juu. Kimoja kinachukua labda nusu dakika. Shamba lina maelfu.

Nilimtazama akifanya. Nilikuwa sijamtazama hivyo tangu alipokuwa anajifunza kutembea. Mikono ilikuwa haiharakishi wala haisimami. Kila baada ya vichala vichache anasogeza kreti kwa goti, bila kunyanyua macho. Ni mwendo uleule ninaowahangaikia watoto kila Jumamosi kwenye mbio ndefu, mwendo wa mtu anayejua bado ni mbali na ana nguvu ya kufika. Saa nne asubuhi mgongo wangu ulikuwa umekataa, mimi ninayekimbia kilomita 15 nikiongea. Yeye aliendelea mpaka mzee aliposema basi.

Tulikula ugali wa uwele na mlenda chini ya mti. Mzee akaniambia, pasipo mimi kumuuliza, kwamba mjukuu wake ameshamaliza mistari ambayo mwaka uliopita walimlipa kibarua. Hakujua nilichokuwa nimemwita mtoto yule. Au alijua, wazee hawa huwezi kujua. Nilishindwa kumeza.

Jumatatu iliyofuata nilimwomba kijana aje uwanjani nami, kwa dakika tano tu. Nilimtukana mbele ya watu, nikaona haifai kumwomba radhi chumbani. Watoto wakapanga mstari. Nikawaambia, "Mwezi wa saba nilisema huyu ni mvivu. Nilisema uongo. Huyu alikuwa ameamka saa nane usiku kunichotea mimi maji ya kuoga, na mimi sikujua kwa sababu sikuuliza." Nikamgeukia, nikasema, "Mwanangu, nisamehe." Uwanja ulikuwa kimya, unasikia upepo tu kwenye michongoma. Yeye aliangalia viatu vyake, zile raba mpya, alikuwa amezivaa. Akasema, "Haya baba." Kisha, kwa sauti ya chini, "Naomba niende, mdogo wangu hajanywa uji."

Yule binti alikuwepo pia, amekaa kwenye jiwe. Nilimwomba radhi na yeye siku hiyohiyo.

Mambo niliyobadilisha baada ya hapo ni ya kawaida, ila niyataje kwa ajili ya hao vijana wanaoniuliza. Daftari langu la muda wa mbio lina safu mpya. Kila mtoto akifika naandika amelala saa ngapi, amekula nini jana usiku, na amefanya kazi gani nyumbani kabla ya kuja. Aliyechota maji mara kumi ameshafanya mazoezi ya nguvu, simpeleki kilimani. Aliyeshinda sokoni amesimama na mama yake hapewi mizunguko ya kasi. Kwa mabinti nimemwomba mwalimu wa kike tunayefanya naye kazi awe anaongea nao peke yao, maana binti anayekula kidogo na kukosa siku zake mifupa yake iko hatarini, na hilo hataniambia mimi. Mtoto akiweka kidole mahali pamoja mguuni, mazoezi yake yameisha siku hiyo, hata kama mashindano ni kesho. Tumeshakosa medali kwa sababu hiyo, na mzazi mmoja alininunia.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Nilikubaliana na mke wangu kwamba asubuhi anazotoka zamu ya usiku mimi siendi uwanjani mpaka watoto wamekunywa uji, na kundi linaongozwa na wakubwa. Jumapili saa ya kupimia inakaa kabatini. Suala la hela ndilo lililotugombanisha muda mrefu. Nilikuwa nimezoea kutoa nauli za mashindano kwenye mshahara bila kumwambia, na mwaka mmoja hela ya mabati ya jikoni ilikwenda kwa raba za watoto sita. Sasa tunakaa mezani kwanza. Kuna safari ambazo hatukwenda. Sijalimaliza jambo hili, na kuna miezi bado naona uso wake umekunja nikitaja mashindano.

Binti aliporudi kukimbia alirudi taratibu sana. Hakufikia tena ule muda wa mwezi wa tano akiwa kwangu. Leo anasomea ualimu, na akiwa likizo huja Jumamosi kunisaidia wadogo. Ana jicho kali kuliko langu, anamwona mtoto anayeficha maumivu akiwa bado mita mia.

Kijana wangu hakuwa mkimbiaji. Mwaka 2025 alimaliza kidato cha sita, akawa nyumbani anasubiri chuo cha kilimo. Usiku wa kuamkia Jumatatu ya tarehe 15 Septemba aliniamsha kwa kunigusa bega. "Baba, amka, Simbu anakimbia." Alikuwa ameshaweka bando, simu ameisimamisha kwenye kopo la sukari mezani. Mimi nilikuwa nimesahau kutega kengele. Mama yake alikuwa zamu.

Alphonce Simbu ni wa hapa hapa katikati ya nchi, mtoto wa kijiji cha Mampando, Ikungi, Singida. Tumemfuatilia tangu alipokuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akachukua shaba ya Mashindano ya Dunia London 2017, na Aprili 2025 akawa wa pili Boston, nafasi ya Ikangaa. Tokyo, kwenye marathoni ya Mashindano ya Dunia, walikuwa na joto. Tulikaa mabega yamegusana kwa sababu kioo ni kidogo. Walipoingia uwanjani Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele, na akabaki mbele mpaka hatua za mwisho kabisa. Wakavuka pamoja. Hatukujua nani. Kijana alinishika mkono juu ya kiwiko, akaubana, na tulikaa hivyo mpaka jina likatokea. Wote wawili 2:09:48, tofauti sekunde 0.03. Tanzania haikuwahi kupata dhahabu kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha kabla ya usiku ule. Nililia, nikamkumbuka mzee wangu na sekunde yake moja ya Boston. Kijana akaniletea maji kwenye kikombe.

Tulikuwa bado tunaitazama picha ya kumalizia kwa mara ya nne au ya tano tuliposikia bomba uani linakohoa. Siku hizi tunalo letu, lakini maji bado yana saa zake. Akanyanyuka. Nikamwambia, "Kaa, leo mimi." Hakukaa. Tulitoka wote na madumu manne, tukapokezana, hatuongei sana, yeye anajaza mimi nabeba.

Nilifika uwanjani saa kumi na mbili kasoro, suruali imelowa magotini. Watoto hawakuwa wamenisubiri. Walikuwa tayari kwenye mzunguko wa tatu.